Hesabu za Kozi

Bosi kanipigia kutoka Posta, ghorofa ya tisa:
mkamateni! Kama mtu aliyeona kibaka
akichoropoka na pochi Mtaa wa Msimbazi.
Nikamwambia, mzee Kihampa, Kariakoo kuna kona.
Kule juu hakuna kona.
Hakuna uchochoro, hakuna duka la vitenge la kujibanza;
injini ikiwaka huonekana kama njiti ya kiberiti
katika nyumba iliyokatika umeme.
Yeye anatuona. Sisi tunamwona.
Miezi saba tutatazamana.

Meli iliyotoroka inaitwa Kanga.
Imebeba tani elfu nne za barafu, mali ya watu,
na nahodha wake, Zamoyoni Chitanda,
ni yule yule niliyegawana naye dawati pale Mlimani,
kikokotoo kimoja, betri ya kuazima,
akinifundisha neno ambalo kichwa changu kilikataa:
ukitaka kumpata aliye mbele yako, funga breki.
Punguza mwendo, utaporomoka kuelekea Jua,
na huko ndani njia ni fupi, kasi inakuja yenyewe.
Ukikanyaga mafuta kwa hasira
unapanda, unazunguka mbali, unachelewa.
Nilicheka. Nikafeli jaribio la kwanza.

Basi Kozi yetu imefunga breki,
siku themanini inaporomoka kimya, injini baridi,
na Mwanahawa Likoko peke yake ndani
akihesabu biskuti.
Kozi mandanda, kulala na njaa kupenda:
kila kilo ya mafuta isiyochomwa leo
ni kilo ya kurudia nyumbani.

Mimi huku Makongo Juu nashinda na kioo
chenye nukta mbili ambazo jicho halizioni zikisogea.
Nje boza la maji linapanda mlima likikohoa.
Ndoo zimepanga foleni tangu alfajiri,
moja ya njano, kishikio chake kamba ya katani.
Sizifikirii zile tani elfu nne.
Uongo. Nazifikiria.

Siku ya mia na kumi nikamtumia sauti:
Zamo, umeiona njia yetu?
Dakika kumi na tisa kwenda, kumi na tisa kurudi.
Nikala vitumbua viwili, nikatia saini daftari la zamu.
*Nimeiona,* akajibu. *Siku ya mia mbili na nne.
Ila desimali ya nne umekosea.*
Nikapiga upya.
Nilikuwa nimekosea.

Siku ya mia na sitini akaanza kuichoma barafu yenyewe.
Saa sita mfululizo Kanga ikatema mvuke,
uzi mweupe kiooni, mwembamba kama unywele,
na kila sentimita ya uzi ule
ilikuwa mapipa, mapipa, mapipa.
Nilizima kioo, nikakiwasha tena.

Sasa Kozi itamfikia, siku ya mia mbili na kumi na moja,
itamfikia barabara.
Lakini kukamata ni kwenda naye sawa,
mwendo kwa mwendo, ubavu kwa ubavu,
mpaka mlango uubusu mlango,
na mafuta ya hilo yapo: ya kwenda, siyo ya kurudi.
La sivyo watapishana kilomita tatu kwa sekunde,
na hakuna atakayejua mwenzake kavaa nini.

Bosi akasema: amua wewe, hesabu ni zako.
Hesabu ni zangu.
Mtoto wa Mwanahawa anasoma Tandika, darasa la pili.
Nikaandika: *Usifunge breki. Pita. Mpungie mkono.*
Kihampa akakata simu.

Ni saa nane mchana na dakika tatu.
Limeshatokea, lolote lililotokea.
Kanga imesogea mbali zaidi; leo nuru
inatumia dakika ishirini na mbili kunifikia,
na sijui kama Mwanahawa ametii,
sijui kama Zamo amecheka.
Boza limefika getini.
Nimebeba ndoo, nimesimama nyuma ya yule mama
mwenye kishikio cha katani. Ananiuliza mbona natazama saa.
Zimebaki kumi na tisa.